Nusu Shari

Bytom, Februari. Darini kwa mzee Alojz
njiwa arobaini wanangoja lango.
Trudka, mjukuu, kalifungia mota ya volti ishirini na nne
na mosfeti moja nyeusi, ndogo kama ukucha.

Kibao kikaiamuru kwa volti tatu na kitu.
Ikafunguka nusu.
Lango likapanda shubiri, likatetemeka, likakwama.
Trudka akaigusa: lo! Kidole kikaacha ngozi.

Heri nusu shari, tumefundishwa.
Muulize mosfeti.
Imefungwa, baridi. Imefunguka wazi, baridi.
Ni pale kwenye ndiyo iliyokwama kooni
ndipo inapoungua.

Akaipa geti volti kumi na mbili,
transista mpambe kati ya mnong'ono na mota,
na rezista ya kulivuta chini kibao kilalapo,
maana juzi geti liliachwa likielea,
lango likajifungua usiku, akaingia kicheche.
Manyoya matatu yangali kwenye waya.

Alojz, miaka thelathini shimoni kwenye makaa,
hakuuliza volti. Alitega sikio tu:

tak.

Na kwao *tak* ndiyo ndiyo.
Lango juu, lote.
Njiwa wa kwanza akasita kizingitini.