Itasaga Nini?

Ekisa amekuja kuchukua pampu yake
akakuona mezani, kando ya kikombe changu cha chai,
kimo chenu kimoja.
Akakugeuza kwa kidole, kama mtu anayechagua nyanya.
"Na hii itasaga nini?"

Sikumjibu. Mchana kutwa nashinda chali
chini ya vinu vya watu, Mukuju, Nagongera, Molo,
unga puani, dizeli kwenye kucha,
na kila injini niliyowahi kuiamsha ina bwana wake,
na kila bwana ana haraka.

Wewe hudaiwi gunia la mtu.

Silinda yako nimeikereza kutoka ekseli ya trekta
lililofia kwenye kiwanda cha pamba kabla sijaoa.
Pistoni yako ilikuwa pistoni ya bodaboda;
niliiyeyusha kwenye sufuria
ambayo Nyaketcho anaitafuta hadi leo.
Springi ya valvu imetoka kwenye kalamu yake nyekundu,
ile ya kusahihishia hesabu za darasa la tatu.
Na magurudumu yako mawili, mazito, yanayong'aa,
yalikuwa mawe ya mizani ya mnunuzi wa pamba.
Nilipoyapima,
nusu kilo ilikuwa nusu na gramu sitini.

Baba aliuza pamba kwenye mizani ile
misimu kumi na minne.

Nikazibana gramu hizo kwenye mashine,
nikazikereza polepole, jiwe la kwanza, la pili,
zikadondoka zimejikunja kama nywele za kinyozi.
Nilizifagia mwenyewe. Sikumwachia mtoto.

Umeme ukikatika, nao hukatika,
naendesha kwa pedali ya cherehani,
mguu wa kulia, tochi kinywani:
vuta, bana, waka, tema,
vuta, bana, waka, tema,
nakufundisha kabla hujazaliwa.

Ukakataa.
Silinda ya kwanza ilipanuka kwa unene wa unywele,
nikaitupa kwenye debe la chakavu
na usiku nikaamka kuiokota, nikaitupa tena.
Ya pili ilikaa sawa, ila cheche ikaja mapema,
ukanipiga teke la kidole gumba.
Ya tatu nilivuta kamba mpaka kamba ikakatika.
Nikafunga kamba ya kiatu.

Ndipo Nyaketcho akasimama mlangoni na madaftari yake.
"Inapumua pembeni," akasema.
Wapi? Mimi ndiye fundi, sisikii kitu.
"Miaka ishirini nasikiliza watoto wanaojifanya wanasoma.
Pumzi isiyobeba neno naijua."
Akachovya kidole kwenye povu la sabuni
akapaka shingo ya valvu.
Nikavuta.
Povu moja likavimba, dogo kama punje ya ulezi,
likapasuka.

Nilisugua kiti cha valvu siku mbili kwa msasa na mafuta.
Petroli, kizibo kimoja cha soda.
Kamba ya kiatu.

Ukaguna.
Kisha ukasema, ukasema, ukasema,
meza ikatetemeka, chai ikajichora duara,
kuku wa jirani akapiga kelele saa nne usiku,
na harufu ile, ile ile ya vinu vyote,
safari hii haikuwa ya mtu mwingine.
Sekunde kumi na tisa.
Petroli ikaisha.
Tukasikia bati la paa likipoa.
"Tena," akasema mwalimu.

Hayo yote sikumwambia Ekisa.
Nilijaza kizibo, nikampa ncha ya kamba.
Akavuta kwa dharau, kama anayefukuza nzi,
nawe ukaamka mkononi mwake.
Akaruka nyuma, akacheka,
nikaona meno yake ya nyuma
ambayo sikuwahi kuyaona tangu tufahamiane.

Aliondoka bila pampu.
Asubuhi alikuwa mlangoni tena.
Nikamwambia pampu yako ile pale.
Akasema, naiona,
akavuta kigoda.