Namba Ishirini

Ukikoroma, Kondo, uchochoro mzima Tandika unajua.
Wapangaji hucheka: mashine ya kusaga imewashwa.
Mimi sicheki.
Mimi ndiye ninayelala na ule ukimya

unaokuja ghafla, katikati ya mkoromo,
kama bomba linapokatika maji.
Kifua kinapanda, pumzi haiingii.
Nahesabu. Kumi na mbili. Kumi na saba.
Ishirini,
ndipo unaibuka, ukitweta kama mtu aliyeopolewa kisimani,
na asubuhi hukumbuki kitu.

Mama yako alisema jinamizi. Tukafukiza ubani.
Mchana ukasinzia juu ya cherehani,
sindano ikapita kidoleni.

Hospitali ya Temeke, daktari alikunja kiganja polepole:
"Koo hujifunga hivi, usingizini.
Kila likijifunga, moyo unapigana peke yake."
Nikaielewa presha yako,
na kichwa cha alfajiri,
na zile hasira zisizo na sababu.

Sasa umevaa barakoa, na mpira wake mrefu;
kiwanja cha Chanika ndicho kinachovuma hapo kitandani.
Nami kabla ya kuzima taa nabonyeza LUKU,
namba moja moja, hadi ya ishirini.
Nikimaliza kuhesabu
bado unapumua.