Mshumaa Kwanza

Kabla ya sururu, mshumaa.
Ndiyo kanuni ya Kapita Bauma,
wala hajaiandika popote.

Kyeshero, saa kumi na mbili na nusu.
Upepo wa ziwa bado umelala.
Shimo la choo tumelifikisha mita nne jana,
jiwe jeusi la volkano, ubishi mtupu,
na leo tunatakiwa kushuka tena.

Anazunguka kwanza. Hasemi.
Anapiga teke ukingo, anasikiliza kokoto zikianguka,
anahesabu kwa midomo.
Anaikagua kamba pima kwa pima
kama anayenunua kitenge kwa muuzaji asiyemwamini;
fundo la pili analifungua, analifunga upya.
Anautazama waya wa umeme wa jirani
uliolegea juu ya uwanja wetu:
"Nzanzu, nondo zote zilale chini. Isisimame hata moja."

Halafu mshumaa,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mita moja, unawaka.
Mita mbili, unawaka, mwekundu kidogo.
Mbili na nusu.
Hakuna aliyeupuliza.

Muhindo, siku yake ya tatu kazini, anacheka:
"Mbona hakuna harufu?"
"Mazuku hayapigi hodi," anasema Kapita,
na anamwonyesha kwa tochi
mjusi pale chini, tumbo juu.

Simu inalia. Ni bosi.
Mifuko arobaini ya simenti iko chini ya turubai,
mvua iko Sake inakuja,
nani atamlipia siku hii?
Kapita anainyoosha simu juu ya mdomo wa shimo:
"Mwambie yeye, bosi. Mimi nimekwisha kumuuliza."

Tukapanda juu ya kiwanja, tukajenga ukuta.
Hakuna aliyeimba.

Saa saba upepo ukaamka, ukapekua turubai.
Mshumaa ukarudi chini:
moja, mbili, tatu,
nne, na moto umesimama wima.
Muhindo akashuka, kamba kiunoni.

Mimi ndiye niliyeishika.
Kila mara navuta mara moja,
naye anajibu mara moja.

Kuna safari moja alichelewa kujibu.
Alikuwa anafuta jasho, basi.

Jioni, nikinawa mikono,
maji yaliniwasha kwenye kiganja,
nikakuta kamba imeacha mstari
ambao sikuusikia ukichorwa.