Kivuli cha Kukunja

Bonge la barafu la elfu mbili
nalichukua kiwandani alfajiri, zito kama jiwe la msingi.
Saa nne limeshakuwa tofali.
Adhuhuri, kipande cha sabuni.
Alasiri nauza maji yenye macho ya vibua.

Nikajiambia: Mwanamkasi, tafuta kivuli.
Ila si cha kusimika.
Mgambo hawapigi hodi,
na pembe yangu ya Barabara ya Kumi na Mbili
ni yangu mpaka filimbi ilie.
Nataka kivuli kinachokunjika
kabla mtu hajamaliza kusema "We mama!",
kikae kwenye keria ya baiskeli,
kisinidai mkono wa tatu.

Nikapima mwavuli wa kampuni ya simu.
Mwekundu, mpana, na jua la saa saba linapenya;
changu wote wakawa kama wamepakwa hina.
"Huyu mgonjwa?" akauliza mteja,
akaenda zake.

Nikapima turubai la buluu:
nguzo nne, kamba nane,
na mtoto wa jirani wa kushika upande mmoja,
ambaye naye hulipwa kwa tasi, tena mnene.

Binamu yangu Shebughe akanishonea makuti
kwenye fremu ya fito. Ubaridi wake, acha tu.
Lakini siku ya kwanza kuyapakia
nilifika Ngamiani nimeng'oa kioo cha bajaji
na ushungi wa mwalimu wa chekechea.

Jumanne, Tangamano, robota la nne likapasuliwa.
Katikati ya makoti, Hoza akavuta mfuko mrefu.
"Dada, hili hema la wavuvi."
Kwenye mfuko pameshonwa picha:
mtu amevaa koti nene kama godoro,
ameketi kwenye uwanja mweupe,
miguuni pake tundu la ukubwa wa sufuria,
mkononi kijiti na uzi.
"Hiyo chumvi?"
"Barafu," akasema Hoza. "Ziwa zima. Wanatoboa,
wanavua humo humo. Hema ni la kuzuia baridi."

Nilicheka mpaka nikashikilia robota.
Ziwa zima!
Na hakuna anayelifunika kwa gunia,
hakuna anayelipimia kwa kipande,
wamelikalia tu, wanalitoboa
kama watu waliochoka na mali.

Hoza akalifungua. Likajitandaza lenyewe, paa!
Halina sakafu. Ndani jeusi, dirisha dogo la nailoni.
Nikaingia, nikafunga zipu,
nikahesabu hadi thelathini,
nikatoka nimeiva.
"Hili si kivuli, hili ni jiko," nikamwambia. "Lirudishe kwa wenyewe."

Usiku usingizi ukanigomea.
Nilikuwa nimeubonyeza ukuta wake kwa vidole:
kitambaa, sufi, kitambaa.
Yule wa kwenye picha anaikimbia barafu;
mimi naificha.
Lakini blanketi halijui limefunika nini.
Linashika tu lilichopewa.

Asubuhi Hoza alitaka thelathini. Nikampa kumi na nane
na vibua sita, akalalamika vibua ni vidogo.
Fundi Mnkande akalikata hema palepale barazani
huku akiguna, kitambaa kizuri vile.
Sanduku langu likapata koti:
zipu juu, mbavu nene,
na lile dirisha akalishonea mbele
ili mteja aone jicho la samaki bila kunifungulia joto.
Fito za hema nikamwachia. Anaanikia suruali.

Leo filimbi ililia saa sita.
Niliondoka na baiskeli, hakuna cha kukunja.
Alasiri, Makorora, nikafungua zipu:
tofali. Bado tofali, lina kona zake nne.

"Na wewe je," akauliza mama mmoja akichagua tasi,
"samaki wamevaa koti, wewe uko juani?"
Nikaiweka sawa kofia yangu ya ukindu.
Mama, changu ni kichwa tu.
Hakiyeyuki.