Meno Saba

Likilala nje usiku mzima linaamka na neno.
Naliwasha, halisemi. Nashusha hendibreki, halisemi.
Naachia klachi, na kabla tairi halijamaliza nusu mzunguko,
ko!
kama mlango wa kabati uliovimba kwa mvua,
kisha ng'rrr, ng'rrr, hadi getini kwa Mama Zahoro,
kisha basi. Kama si lenyewe.

Nikifika Mabawa, gereji kwa Singano,
gari lina adabu za mkwe.
Analizungusha pipa la oili chafu, anapiga breki, anarudi nyuma.
"Shangazi, mimi sisikii kitu."
Mara ya tatu akanitazama
wanavyotazamwa wajane wanaosema darini kuna mtu.

Ila Singano ni fundi, si muuza vipuri.
Jumanne akaja mwenyewe Chumbageni, alfajiri, kwa baiskeli,
kipande cha boksi kwapani.
Akakitandika kwenye umande, akalala ubavu, sikio kwenye rimu.
"Usiwashe kwanza. Niambie limelalaje."
Manyunyu. Upepo wa bahari kutwa.
"Sauti inafuata mguu wako au inafuata tairi?
Ukikanyaga inazidi, au inakata?
Inahesabu, au inavuta uzi mmoja?"
Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo
juu ya kitu nilichokisikia mwenyewe.
Daktari, siku ile, aliuliza mawili.

"Sogeza. Futi moja tu."
Ko!
Akacheka pale chini kama aliyemshika mwizi wa kuku.

Hiyo ng'rrr, akasema, wala si ugonjwa:
diski za mbele zinaota kutu usiku, chumvi ya hapa haimwachi mtu,
breki mbili tatu zinaisugua, imekwisha.
Pedi zingekuwa zimelika, lingelia mpaka Pongwe.
Lakini ko ni ya nyuma. Viatu vimeng'ang'ania ngoma.
Akaniambia nivute hendibreki kama ninavyovuta jioni.
Nikavuta. Akahesabu meno. Saba.
"Nani kakufunza kuvuta hivi?"

Kaniki. Ilikuwa Soni, kwenye miteremko,
gari la mkopo, mimi na mimba ya Mwajabu.
Vuta, mke wangu, vuta mpaka likatae,
bonde halirudishi kitu.
Nikavuta kwa mikono miwili.
Tukahamia huku, nikaendelea kuvuta.

Sikuyasema hayo. Nilisema, "Marehemu."

Singano akafuta mikono kwenye suruali
isiyokuwa na pa kuchafuka tena.
"Hapa tambarare, Shangazi. Yai halibingiriki.
Meno mawili yanatosha. Ikinyesha usivute kabisa,
liache kwenye gia, tairi liwekee tofali."
Hela hakutaka. Alikula vitumbua vinne, cha tano akafunga.

Sasa navuta mawili.
Tofali liko pale, nusu, lina chokaa upande mmoja.
Asubuhi gari linatoka kimya,
hata Mama Zahoro kauliza kama nimeuza.

Juzi mvua ilinishika njiani, nikaingia uani gizani, nimechoka,
mkono ukavuta wenyewe. Niliusikia: tatu, nne, tano.
Sikuurudisha.

Alfajiri nikakaa kwenye usukani, mguu juu ya klachi,
kioo nimekishusha chote,
nikaliachia taratibu.