Kiwanja cha Ishirini

Shemhilu jina langu, mpima nilostaafu,
na kwenye kizimba changu, naapa ninayo hofu,
ni huu mkono wangu, uloandika: "Si chafu",
Duga, Kitalu Alifu, kiwanja cha ishirini.

Zilipikwa pale nguzo, za umeme na za simu,
dawa ziue uozo, mchwa asipate hamu,
zilovuja tangu mwanzo, chini zikalala sumu,
udongo rangi ya ndimu; niliuona, lakini…

Mkuu wangu wa kazi, alitaka Ijumaa,
viwanja vyote vya wazi, vigawiwe kwa mtaa,
nikaiziba pumzi, kwa leso ya kitambaa,
"Inafaa, inafaa", jina nikaweka chini.

Kapewa Mwanamkasi, mjane, bintiye Haji,
akajenga kwa wepesi, vyumba viwili, na maji,
kuku wakafa upesi, na mchicha wa mtaji,
ukawa rangi ya uji, jani mpaka shinani.

Barua akaletewa, kutoka ofisi yetu:
"Mmiliki watakiwa, wewe, si mwingine mtu,
udongo kufukuliwa, kina chake mita tatu,
tena kwa fedha si zetu; ukishindwa, gerezani."

Kampuni ilopika, ilifilisiwa zama,
mfilisi akafika: "Maiti haina dhima,
na viti vilinadika, hadi kengele ya chuma,
mumuulize mzima, mwenye vyuma mkononi."

Mnunuzi naye huyo, suti yake ya kijivu:
"Nilinunua vilivyo, juu: mitambo mibovu,
hati haitaji hayo, ya udongo na majivu."
Hakimu, kwa utulivu, kaandika kitabuni.

Sheria nzuri kusoma: "Mchafuzi hulipia",
maneno mepesi, mema, na kiziwi husikia,
lakini akishahama, jina akabadilia,
nguo aliyoachia, nani afue, jamani?

Mjane akainuka, na mkebe wa maziwa,
udongo akauweka, mezani, hakuambiwa:
"Mimi sumu sikupika, kiwanja niligawiwa,
mkanipikia chewa, na mwiba umo kooni."

Hakimu kaniuliza: "Mzee, ulifahamu?"
Ukumbi ukanyamaza, feni ikashika zamu,
wakili kanikataza, kwa jicho, kama mwalimu,
nikaikumbuka ndimu, na leso yangu puani.

"Nilijua," nimekiri, "na mimi nihesabiwe."
Karani akafikiri, ni wapi jina litiwe,
fomu yake ya mhuri, haina pa mpanda mawe,
"mchafuzi" na "mwenyewe", hao tu karatasini.

Kesi imeahirishwa, hadi mwezi wa Agosti,
masika hayakuitwa, yanakuja bila hati,
sumu itachukuliwa, ivuke ua wa bati,
itulie katikati, ya kisima cha jirani.

Nje akanipa mkebe, bila tusi, bila chozi:
"Huu, baba, uubebe, kaa nao japo mwezi."
Nimeuweka kwa pembe, kando ya cheti cha kazi,
nikikosa usingizi, huufungua gizani.