Mzingo

Sunderland, Januari. Mvua haijaamua kuwa theluji.
Napanda ngazi za jengo la hisabati, arobaini na mbili,
nazijua kama nijuavyo jedwali la saba.
Kwenye ya thelathini nasimama, nafungua mkoba,
natafuta kalamu ambayo sijaipoteza.

Chumba cha walimu wamebandika karatasi:
nani katembea hatua ngapi wiki hii.
Jina langu liko chini kabisa, kwa wino wa kijani,
na kando yake mtu kachora uso unaotabasamu.
Keki ya Gillian iko mezani. Wote wanakula.
Mimi nasema nimeshiba,
na njaa yangu inanitazama kama mtoto aliyekanwa.

Goti nimelipeleka kwa daktari mara tatu.
Hakuligusa. Aligusa mizani.
"Punguza kwanza," akasema, "halafu tutaona."
Nikatoka nalo vilevile, goti langu bubu,
likichechemea hadi kituo cha basi.

Kitanda usichokilalia, wasema, hujui kunguni wake.
Mimi nasema kiti:
kile chenye mikono, mkutano wa saa mbili,
kisha kuinuka,
na kiti nacho kikitaka kuinuka nami.

Kipindi cha nne. Duara.
Mzingo, nawaambia, ni pai mara kipenyo.
"Pai ngapi, mwalimu?" anauliza Declan,
na darasa linapasuka.
Miaka kumi na tisa nafundisha, na bado
sina jibu la haraka. "Tatu nukta moja nne," nasema,
na sauti inatoka imenyooka, kama rula.

Nyuma, dirishani, Kirsty Hepple hacheki.
Kajifunga koti hadi shingoni, hita inachemka,
jasho limelowesha nywele za paji.
Tangu Septemba hajalivua.
Namtazama. Ananitazama,
si usoni: kwenye kifungo changu cha juu.
Ndipo nakumbuka nami nimevaa langu.
Tangu lini? Tangu mwaka juzi, labda.

Nalivua. Nalitundika msumarini.
Mikono yangu hiyo, mipana, ya kurithi kwa mama,
na kovu la chanjo niliyochanjwa Pate.
Declan kafungua mdomo, kaufunga.

"Tuendelee," nasema. "Eneo.
Nafasi yote iliyomo ndani."

Kirsty anafungua kifungo.
Kimoja tu. Kisha anainama, anaandika.